Chembe Changa za Damu ya Mdogo Wangu

Benchi la maabara pale hospitali ya Korogwe lilinishinda. Mdogo wangu alikaa na tumbo lake kubwa, akichezea simu. Mimi nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nusura nimjibu vibaya. Mama yetu alifariki kwa kutokwa damu akimzaa huyu huyu, na sasa huyu naye viganja vimekuwa vyeupe na siku za kujifungua zinakaribia.

Vidonge vya kuongeza damu alianza kumeza tukiwa nyumbani Sindeni, lakini damu haikupanda. Ndipo daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, akaagiza zihesabiwe chembe nyekundu changa, zile ambazo mwili umezitengeneza juzi juzi tu. Zikiwa nyingi, alisema, dawa inafanya kazi. Zikiwa chache, tutafute kinachoizuia.

Majibu yakaja: chache.

"Unakula udongo?" daktari akamuuliza.

Mdogo wangu akaangalia chini. "Nakula, dokta. Lakini ni ule mwekundu, shangazi ananiletea kutoka Kwashemshi. Mwekundu si ndio unaongeza damu?"

Akatoa bonge lenyewe kwenye pochi, limefungwa kwa leso, upande mmoja umeshalambwa. Daktari akamweleza, bila kumcheka, kwamba huo udongo ndio unaonasa dawa tumboni isiingie mwilini. Mimi ustaarabu huo sina. Nililipokonya, nikalitupa kwenye ndoo ya taka, nikafoka mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. Nilikuwa naogopa, basi. Yeye alijua, akaikunja leso yake akairudisha kwenye pochi.

Udongo akauacha, vidonge akaendelea navyo, na daktari akatuita tena. Safari hiyo niliganda kwenye dirisha la maabara, namsumbua mpimaji kwa maswali. Mwishowe akainua kichwa.

"Dada, safari hii ziko nyingi. Mwili wake unatengeneza damu."

Nikakaa pale pale sakafuni. Mdogo wangu akaja kunivuta mkono, anaona aibu watu wanatazama.

"Dada, inuka bwana." Kisha akauliza taratibu, "Mama naye walimpima hivi?"

"Hapana," nikamwambia. "Mama alikuwa anasema amechoka, na sisi tukamwambia alale."