Mkono wa Mke wa Kijana Wangu

Zamani, kabla magoti hayajaanza kulia, nilifanya kazi ya josho la ng'ombe kule Mau Narok. Ng'ombe hapendi kuingia kwa dawa, hata umwimbie, kwa hivyo unamkunja mkia mpaka aone afadhali maji. Kulikuwa na mtamba mmoja mwekundu aliyekataa kabisa. Msimamizi akasema, "Huyo ana kiburi, mtangulize kichwa." Tukamtanguliza kichwa. Akameza dawa, akatokea ng'ambo akitetemeka, akasimama kutuangalia, kisha akaanguka. Tulicheka sana. Nyama haingelika kwa sababu ya ile sumu, na hiyo ndiyo ilituuma, si ng'ombe.

Harufu ya ile dawa haikunitoka. Miaka baadaye nikawa mlinzi wa malori pale Salgaa, na siku niliyoonjeshwa chang'aa, ile pombe ya magendo ya huko, nikasema, hii naijua, hili ni josho. Nikanywa hata hivyo. Anayekwambia chang'aa ni tamu hajawahi kuionja. Nikainywa mpaka kazi ikaisha, mama watoto akafa, nikaja Nakuru kukaa kwa kijana wangu. Yeye ni dereva wa masafa marefu, hulala barabarani. Nyumbani tulibaki mimi na mke wake.

Huyo msichana hana kelele. Alibeba godoro langu akalitupa kwa stoo ya makaa, akaongea nami kupitia dirisha.

"Baba, kuna kikundi cha watu wa kuacha pombe huko kanisani. Ukisimama useme yako yote, utarudi kulala ndani. Ukikataa, nitakutafutia gari ya Kakamega."

Kakamega kwetu kumebaki makaburi.

Nikaenda kutafuta. Watu wa kuacha pombe hawaweki kibao. Askari wa geti la kanisa akanionyesha njia kwa kidole, nikaingia chumba cha kwanza, nikakuta watu wamenuna na vikombe vya chai. Nikajua ndio hawa. Nikasimama nikaanza kueleza ninavyokunywa. Mama mmoja akanivuta koti.

"Mzee, hii ni kamati ya matanga. Marehemu ndiye alikuwa anakunywa."

"Basi nangoja zamu yangu," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Kikundi kilikuwa chumba cha pili, darasa la chekechea, na vile viti vidogo vya watoto. Watu wazima tumekaa magoti yakigusa kidevu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa zamani, mikono ikimtetemeka mpaka chai inamnyea kama mvua. Mwenyekiti alikuwa kijana aliyeacha pombe juzi, ana ile furaha ya mtu aliyefika ng'ambo na anatazama nani atazama.

"Mzee, hapa hatuna siri," akaniambia. "Siku ya kusema, wa nyumbani anakuja, mnashikana mikono, unatoa yote."

Nilidhani atakuja kijana wangu. Siku ilipofika yeye alikuwa Malaba na lori. Akaja mke wake.

Sasa, kwetu Waluhya, baba hashiki mkono wa mke wa mwanawe. Hatusalimiani kwa mkono, na mambo ya mwili hayatajwi sote wawili tukisikia. Hata yeye amelelewa hivyo. Aliketi mbali, mikono ameificha chini ya leso aliyojitanda.

"Shikaneni," mwenyekiti akasema.

"Haiwezekani. Huyu ni mkwe."

"Chupa uliishika," mwalimu akadakia, "mkono ndio unakushinda?" Darasa zima likacheka.

"Nitasema yote," nikaomba, "lakini atoke nje kidogo."

"Hatoki," mwenyekiti akasema. "Hiyo mila ndiyo inakunywa kwa mdomo wako."

Hapo msichana akainua kichwa. "Anaogopa nini? Mimi nilishamaliza kuona."

Akasema. Kwamba asubuhi moja alinikuta nje ya geti, uchi, nimejichafua, majirani wakipita kwenda kazini. Akanivuta ndani. Akaniosha mwili mzima, kama mtoto. Akanivalisha shati la mume wake.

"Mume wangu hajui. Nikimwambia, wazee wataitwa, kondoo atachinjwa wa kututakasa, na ukoo wote utajua nilichoona. Nimekaa nayo peke yangu. Kila nikimpakulia baba chakula, naiona ile asubuhi."

Hiyo asubuhi naikumbuka. Niliamka nanukia sabuni, shati safi, nikajisifu: mzee bado unajiweza, hata ukilewa unajiosha.

Mwanamke mmoja alikuwa ameziba mdomo na mkono, mabega yakiruka. Mwalimu hakuficha, alicheka mpaka chai ikamwishia kwa suruali.

"Haya mzee, umesaidiwa kusema," mwenyekiti akasema. "Shika mkono, mambo yaishe."

Msichana akautoa mkono chini ya leso, akaunyoosha.

"Baba, shika twende. Kitanda nimetandika."

Nilijua anasema kweli. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na blanketi nzito, kwa sababu Nakuru ilikuwa baridi wiki hiyo. Niliuangalia ule mkono, nikaona ndio ulioniosha.

Nikaweka kikombe kwa kile kiti kidogo. Nikatoka, nikapita mlango wa matanga, nikapita geti. Askari akaniuliza, "Mzee, mmemaliza?" Sikurudi kwa kikundi, na kwa ile nyumba sikurudi. Viatu vyangu vizuri viko kwa stoo ya makaa mpaka leo.