Chumba Alichotengewa Askofu

Kaka yangu mtaani wanamwita Mbarikiwa, na wala hajui kwamba wanamcheka. Anauza mabati na saruji, tena anauza vizuri, hilo simnyimi. Lakini mtu akiuza mabati akapata, si aseme ameuza mabati? Yeye bati likinunuliwa, ni Bwana ametenda. La jirani lisiponunuliwa, jirani haombi vya kutosha. Ile habari ya ngamia na tundu la sindano alishaimaliza siku nyingi: eti walisemwa matajiri wenye roho mbaya. Yeye roho yake nzuri, kwa hiyo apite tu, yeye na ngamia wake na makochi yake na bima zake tatu.

Alipojenga nyumba alitenga chumba kimoja kwa ajili ya watumishi wa Mungu wanaokuja kuhubiri. Kitanda cha futi sita, godoro bado limo ndani ya nailoni, choo cha kukaa humohumo, maji ya moto. Akamwita mchungaji akapaka mafuta kwenye fremu ya mlango, tukaimba, tukala. Tangu siku hiyo hakuingia mtu isipokuwa wifi, kila Jumamosi, na kitambaa chake cha vumbi. Miaka minne! Watumishi wenyewe wakija wanalala hotelini.

Basi mama yetu akavunjika nyonga. Hospitali wakasema asichuchumae, asitembee mbali, choo kiwe karibu. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja, choo cha shimo kiko uani, tunachangia na wapangaji wenzangu. Nikajisemea, ah, mama ana mtoto mwenye nyumba. Kumbe! Mbarikiwa alimlaza mama sebuleni kwenye kochi. Choo mwisho wa korido, mama anakwenda akipapasa ukuta, na alishaanguka mara mbili.

Nikamfuata dukani. "Kaka, mpe mama kile chumba. Akianguka tena hatainuka."

"Mdogo wangu, kile si changu. Nimeshamtolea Bwana."

"Kwani Bwana analala?"

"Usikufuru. Neema yote hii unayoiona nimeipata kwa kutii. Nikianza kumpunja Mungu, huyo mama mwenyewe atakula nini?" Kisha akaniahidi kwamba atanunua kochi jingine, la ngozi, lile la kukunjua. Wallahi nilitaka kumtemea mate. Nikameza, maana mama alikuwa mikononi mwake.

Siku moja ikatangazwa kwamba askofu anakuja kula chakula cha mchana. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema leo Mbarikiwa ataambiwa ukweli na mtu ambaye yeye mwenyewe anamwogopa. Asubuhi ile kaka alimtoa mama sebuleni akamweka barazani, na bandeji yake, na mto wake, ili wageni wapate pa kukaa. Askofu akala akashiba, akasema angependa kunyoosha mgongo kidogo. Akipita barazani kwenda kwenye kile chumba akamwona mama.

"Pole mama. Unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, baba. Ila nalala kwenye kochi. Mwanangu ana chumba, lakini anasema ni chako."

Aliyasema hivyohivyo, bila kuzungusha. Askofu akamgeukia kaka, akamwekea mkono begani. "Huyu ana moyo wa kutoa," akasema. "Hata mama yake hakumtanguliza kabla ya Mungu." Akaingia, akafunga mlango, tukasikia nailoni ya godoro inalia chini yake. Kaka machozi yakamtoka, machozi ya furaha! Wifi aliinamisha uso akakusanya sahani.

Sikungoja askofu aamke. Nilikodi gari, nikambeba mama. Kitanda changu akalala yeye, mimi nikatandika mkeka chini ya cherehani. Nikachukua kiti cha plastiki, nikakikata tundu katikati, nikaweka ndoo chini yake. Choo cha kukaa hicho, hatua mbili kutoka kitandani. Hajaanguka tena.

Baada ya wiki tatu Mbarikiwa akaja, na matunda kwenye mfuko. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaangalia mkeka, akaangalia ndoo, akafumba macho akaanza kuomba. Akamshukuru Bwana kwa kumwandalia mama mahali pa kupumzika. Akamshukuru kwa kulilinda agano la nyumba yake. Mama yetu sala haimpiti. Hata mlevi akiomba njiani, yeye ataitikia. Kaka akamaliza, akangoja.

"Mama," akasema, macho bado kayafumba, "amina."

Mama akageukia ukutani. "Nilikuwa nyumbani kwako, mwanangu, nikakuomba mlango mmoja tu. Amina hiyo itikia mwenyewe."

Akaitikia.