Kibendera cha Njano

Jumamosi walituwekea filamu shuleni, ya watu wanaoendesha pikipiki za theluji. Wenzangu walishangaa ile baridi. Mimi nilimwangalia aliyetangulia: alipofika karibu na kilele alisimama, akainuka kwenye kiti, akachungulia upande wa pili. Nikajikuta nimekunja ngumi chini ya dawati.

Hivyo ndivyo Baba alivyofundisha watu kwenye mchanga nje ya Riyadh, wewe hukumwona tu. Alikodisha dababu, zile pikipiki za magurudumu manne, za bosi aliyekaa Al-Safa, kule Jeddah. Kila Ijumaa Mama na mimi tulitoka Manfuha, mtaa wetu mjini, kwa lifti ya jirani, na chupa ya chai ya maziwa na mandazi ya iliki. Kazi yangu ilikuwa kupangusa helmeti kwa kitambaa cha maji. Mpaka leo harufu ya petroli hunitia njaa.

Baba hakuchoka kurudia. "Funga helmeti mpaka kidevu kilalamike. Kamba ya kuzima injini iwe mkononi. Kileleni simama, chungulia, ndiyo ushuke." Na kila dababu ilikuwa na fimbo ndefu yenye kibendera cha njano, ili aliye ng'ambo ya kilima akuone kabla hujatokea.

Likizo moja alikuja mtoto wa bosi. "Kinaharibu picha," alisema, akaking'oa kibendera chake, akanitupia mapajani. Mimi wakati huo hata salamu niliogopa kuitikia. Baba alikuwa ng'ambo ya kilima, akipanda kumsaidia mteja aliyekwama. Kijana akapita kileleni bila kupunguza mwendo, akamwangukia. Mguu wa Baba ukavunjika.

Kwa bosi kijana alisema Baba ndiye hakuangalia. Bosi akaamini. Halas, basi, ikama, kile kibali cha kuishi, haitaongezwa muda, mrudi kwenu. Baba alilala na plasta yake akitazama dari, na hakulilia mguu. "Watasema mimi, mimi kabisa, sikuchungulia," alimwambia Mama.

Ijumaa iliyofuata tulienda kuchukua nguo zake kwenye kibanda cha kazini, kule mchangani. Bosi alikuwa amekuja kutoka Jeddah na wageni, familia ya mchumba wa yule kijana. Kijana aliponiona akacheka. "Mwalimu wa helmeti yuko wapi? Bado anachungulia?"

Kiarabu nilikiokota kwa watoto wa mtaani, sikuwahi kukisema mbele ya wakubwa. Nikaenda moja kwa moja kwa mzee wa wageni. "Huyu alimgonga baba yangu. Aling'oa kibendera, akanitupia mimi. Cha baba yangu kilikuwepo."

Mama akanifinya bega. "Nyamaza, wewe mtoto."

Nikarudia, polepole zaidi.

"Ni kweli?" mzee alimwuliza kijana. Kijana akatazama viatu vyake. Mzee akawashusha wajukuu wake kwenye dababu mmoja mmoja, akasema yalla, wakaondoka. Bosi alibaki ameshika birika la kahawa, limejaa.

Tulirudishwa hata hivyo. Baba aliposimuliwa alimwuliza Mama, "Nani kasema? Huyu?" Akacheka mpaka mguu ukamuuma.

Sasa anachechemea, na zile Ijumaa hakuna anayezitaja nyumbani. Mama ananiambia nisamehe. Sijasamehe, siwezi kukudanganya. Kiarabu kinaniponyoka; juzi nilisahau hata kijiko kinaitwaje. Lakini yale niliyomwambia mzee nayakariri kila nikioga, nisije nikakutana na yule kijana nikababaika.