Watu Thelathini na Wanane Ambao Hawakuwepo

Usinitazame hivyo. Ulipita pale.

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, ulipita mlangoni mwa chumba namba 114, ukatuona tumebanana watu thelathini na wanane, wengine sakafuni juu ya makoti yao. Ukageuza shingo, ukaenda zako.

Basi juzi chuo kimetoa barua. Inasema chumbani mle hamkuwa na watu.

Ndiyo. Tulikuwa hewa.

Naitwa Lonnie Prewitt. Nina miaka arobaini na moja. Kumi na sita kati ya hiyo niliiacha kwenye kiwanda cha matairi hapa hapa Ohio, mpaka wenyewe walipoona matairi yanapendeza zaidi yakitengenezwa kwingine. Sasa nasomea uuguzi. Fiziolojia nimeshaanguka mara moja. Nikianguka tena, uuguzi basi.

Profesa wetu ni mtu mwema sana. Anafundisha watu mia tatu akiwa ameupa ukumbi mgongo, anaongea na ubao. Nusu ya darasa huanguka. Yeye hiyo anaiita ubora.

Aliyetuokoa ni Odessa Tubbs, binti wa miaka ishirini na moja. Yeye somo hilo alishalifaulu, chuo kikampa kazi ya kukaa nasi tena darasani, kisha kutuongoza kujisomea. Sharti moja: haruhusiwi kutoa jibu.

"Odessa, figo inajuaje ibakize maji kiasi gani?"

"Wewe unaonaje, mzee Lonnie?"

"Ningekuwa naona, ningekuja hapa?"

"Haya, Tucker, msaidie mzee."

Tucker ni mchezaji wa mpira, shingo kama gogo. "Mimi? Mimi nimeletwa na kocha tu!"

"Vizuri. Wote wawili ubaoni. Chora figo."

Tukachora. Ikatoka kiazi kilichopigwa ngumi.

"Mzee, hiyo figo ya nani? Kamwone daktari!" mmoja akapiga kelele kutoka sakafuni.

Chumba kikacheka, kikabishana, kikasahihisha. Saa moja baadaye nilikuwa naijua figo kuliko ninavyomjua shemeji yangu. Jaribio la kwanza nilipata alama thelathini na nane kwa mia. La pili, themanini na moja.

Ndipo barua ikaja. "Kutokana na mahudhurio hafifu, kikundi kimefungwa." Wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho! Badala yake tutapewa video. Asante sana. Video haikuulizi unaonaje.

Nikapandwa na hasira. Nikakusanya watu tisa, Odessa na Tucker wakiwemo, tukavamia ofisi ya Bi. Halvorsen, mkuu wa vikundi vya kujisomea.

"Mama, una macho?"

"Bwana Prewitt, mimi natumia takwimu."

"Takwimu zipi? Tulikuwa thelathini na wanane!"

Akatugeuzia kompyuta yake. Muhula mzima, kila kikao, jina moja tu.

Tucker.

"Kocha alinilazimisha kusaini," akanong'ona, kama anaungama wizi.

Nikamrukia Odessa. "Dada, kwa nini hukutuandika?"

"Kila mtu anajiandika mwenyewe. Siku ya kwanza niliwaambia, hii karatasi ya mahudhurio profesa haioni. Ni ya kuhesabu watu tu." Akanikazia macho. "Mzee, ni nani alisimama akasema msisaini?"

Watu wote wakaanza kusoma viatu vyao.

Ni mimi.

Mwaka 2009 kiwandani tulijiandikisha kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi. Orodha ikamfikia bosi. Ijumaa yake watu kumi na wanne wakafukuzwa kazi, wakapewa maboksi ya kubebea vitu vyao. Mimi sisahau. Kwa hiyo Odessa alipopitisha karatasi yake, nilisimama kifua mbele: "Wadogo zangu, jina lako ni kamba ya kukunyongea. Pitisha!" Wakanipigia makofi. Nikajiona jemadari.

Jemadari wa nini? Nilimwogopa bosi wa zamani mpaka nikamfanyia kazi bosi mpya, bure.

Lakini usidhani namsafisha huyu mama. Ofisi yake iko hatua ishirini kutoka 114. Alikuwa akituruka miguu iliyotokeza mlangoni akienda kwenye lifti! Aliona watu, akaamini karatasi.

Nje ya ofisi nikamwomba Odessa radhi.

"Mimi nitapata kazi nyingine, mzee," akasema. "Nyie mtihani mtaufanyaje?"

Safari hii hata yeye hakuniuliza naonaje.

Funzo? Kabla hujawaambia watu wakatae, uliza kwanza wanakataa nini. Mimi sikuuliza, na wenzangu thelathini na saba wanalipa.

Tumekata rufaa. Baraza linakaa leo saa saba mchana, ghorofa ya pili. Wanataka mashahidi ambao si wanakikundi. Yaani wewe, mpita njia.

Usiniwekee dole gumba hapa mtandaoni ukaona umemaliza. Sasa hivi ni saa sita na robo. Inuka, panda ngazi, useme ulichokiona.