Zawadi Isiyolimwa

Mjini Baraka, ukisikia bibi arusi amepewa mbegu zilizofungwa kwenye pembe ya kitenge, jua Mama Adolphine alikuwepo. Wengine hupeleka masufuria. Yeye hupeleka maua ya porini ya kwao Lubondja, ya manjano na ya zambarau, na sharti moja tu: yakiota mlangoni, jembe lisiyaguse mpaka yakauke na kumwaga mbegu. Watu humcheka. Naye hucheka nao, kisha arusi ikija hupeleka tena. Mama yule ana moyo, nisidanganye.

Ziwa lilipopanda likameza ua wa nyumba yake alikoyaotesha, aliokoa konzi moja ya mbegu. Kule Lubondja, kilima alikochumia kimelimwa mihogo chote. Hiyo konzi ya mwisho aliimwaga mlangoni pa mwanawe Eloge wiki chache kabla hajaoa, ikaota, na katika heka heka za arusi akasahau kumwambia bibi arusi, Vanessa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vanessa hakungoja kupewa. Asubuhi ya kwanza alilima ua mzima ukawa mweupe pe, mkwewe asije akamwita mvivu. Adolphine alipofika akakuta miche imelala juani, mizizi juu. Machozi yalimlenga.

"Mutoto wangu, mukono yako iko na nguvu," akasema, akanywa chai aliyopewa.

Kisha akawazungukia wote aliowapa zamani, akitafuta mbegu. Kwa Mwanahamisi, hakuna kitu. Kwa Marthe, hakuna.

"Mukwe angeniita muvivu, mama," Marthe alisema, akiinamisha macho.

Akabaki Salma. Huyo mtaa mzima ulimwita mvivu kwa ule ua wake wa magugu, na hata Adolphine, akipita ng'ambo ya barabara, alikuwa akitikisa kichwa. Safari hii akavuka, akabisha hodi. Kumbe yale magugu yalikuwa maua yake, yamemfika kiunoni, nyuki wakivuma ndani yake.

"Salma, haukulima?"

"Si ulinikataza, mama? Mukwe alisema, bajirani balisema. Mi nikabajibu, zawadi ya muntu hailimwi. Ikikauka inamwaga mbegu, inaota tena. Sasa ningelima siku gani?"

Aibu ilimshika Adolphine, na furaha juu yake. Akamkumbatia Salma, akachuma mbegu za yaliyokauka, akazifunga kwenye pembe ya kitenge kwa ajili ya Vanessa.

Njiani jirani akamdhihaki: "Mama, unatoka kwa ule muvivu?"

"Hapana," akajibu. "Natoka kwa mukulima."