Upande wa Pili wa Kiroba

Paskazia alikuwa mtu wa kuuliza. Kwao Bukombe mama yake alichoka naye mapema: kwa nini kuku akinywa maji anaangalia juu, kwa nini padri leo kavaa kijani na juzi alivaa nyeupe, kwa nini shangazi haongei na baba. Hilo la mwisho lilimpatia kofi, na jibu lake hajalipata mpaka leo. Alipokua akaenda Nyarugusu kupika chakula cha kuwauzia wachimbaji wa dhahabu. Huko nako akauliza, na kati ya waliovumilia kumjibu alikuwamo kijana mmoja mpole aitwaye Enock. Enock alijibu kila kitu bila kuchoka, akimaliza anaomba aongezewe mboga. Ndivyo walivyooana, kama mlitaka kujua.

Mbwa naye walimpata hapohapo. Alikuwa wa duara moja, yaani shimo la wachimbaji, lililokuwa jirani na banda la Paskazia. Wenyewe walimwita Msimamizi, kwa sababu alishinda amelala kando ya viroba vya mawe akiwatazama watu kama yeye ndiye aliyewaajiri. Kisha duara likajaa maji, na habari za rashi mpya, yaani dhahabu iliyotokea mahali pengine, zikatoka huko mbali. Wachimbaji wakafungasha asubuhi moja wakaondoka, kila mmoja akidhani mwenzake kamchukua mbwa, au labda hakuna aliyedhani lolote. Msimamizi akabaki amelala pale viroba vilipokuwa vikipangwa. Paskazia akimpelekea ukoko wa ugali, anakula, anarudi palepale kulinda mahali patupu. Mbavu zikaanza kuonekana. Kwa hiyo Enock alipopata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Kahama, Paskazia alimwambia kwamba yeye gari hapandi bila yule mbwa. Enock alizoea maswali ya mkewe, amri hakuizoea, akakubali haraka.

Wakapata chumba mtaa wa Nyahanga, kwa Mama Ndaki. Siku ya kuhamia, mke na mume walishusha viroba vyao vya vyombo na nguo, huyu kashika huku na huyu kule, na Msimamizi akatangulia mbele yao mpaka mlangoni, mkia juu. Wapangaji waliokuwa barazani walicheka. Mama Ndaki hakucheka, ila aliitikia shikamoo yao vizuri na akasema mbwa alale nyuma ya nyumba.

Huyu Mama Ndaki alikuwa mjane, na mwanawe yuko Mwanza. Alikuwa mwanamke wa kujibebea. Maji kichwani, mkaa begani, gunia la karanga analiburuta mwenyewe huku anahema, na ukikimbilia kumsaidia anakwambia, "Acha, nimezoea." Paskazia alitamani sana kumuuliza amezoea tangu lini. Lakini alikuwa ameshajifunza kwamba mjini maswali yana wenyewe. Alikuwa amemuuliza Bernadina, muuza vitenge wa chumba cha pili, kama mumewe yupo safari au vipi, na Bernadina akaingia ndani na kufunga mlango. Tangu hapo Paskazia akaubana mdomo wake, na kuubana kulimuuma kuliko kiatu kidogo. Asubuhi anakaanga vitumbua mbele ya nyumba, mchana anafua, jioni anamsubiri Enock. Watu walikuwa hawamjui jina. Walisema tu, "Yule wa mbwa." Nyarugusu kulikuwa na vumbi na kelele, ila huko angalau aliitwa Paska na watu wa kila kabila. Hapa alikuwa mpweke, na alijua hivyo.

Siku moja ndugu wa Mama Ndaki akatoka kijijini na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Akakitua barazani, akasalimia, akaondoka. Msimamizi akatoka nyuma ya nyumba bila kuitwa. Akakinusa kiroba, akajilaza pembeni yake, na kwa mara ya kwanza tangu waje mjini akaonekana ametulia. Paskazia aliyaona hayo akiwa kwenye beseni lake la kufulia, akafurahi, maskini, hakujua linalokuja.

Mama Ndaki akatoka, akainama, akakikumbatia kiroba na kukinyanyua. Msimamizi akasimama, akaishika khanga yake kwa meno. Hakubweka wala hakumng'ata. Alilishika tu pindo la khanga, akatia miguu ardhini na kutulia.

"Mwambie aniachie," Mama Ndaki akasema.

"Msimamizi, achia," Paskazia akasema, povu limejaa mikononi. "Wewe, achia."

Msimamizi alimtazama kwa heshima na hakuachia. Mama Ndaki alivuta, khanga ikaanza kumtoka kiunoni, na wapangaji wote wakiwa wameshatoka milangoni. Ikabidi akitue kiroba. Alipokitua, mbwa naye akaachia khanga, akajilaza tena. Kwa hiyo mama wa watu akasimama barazani kwake, kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, akizuiwa kuchukua michembe yake mwenyewe. Bernadina akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa kicheko, kila mtu alikisikia.

"Jumapili nikitoka kanisani nisimkute," Mama Ndaki akasema polepole. "Nikimkuta yeye, basi na nyinyi nisiwakute."

Jioni Enock alikula. Halafu akasema atamrudisha mbwa Nyarugusu, kuna jamaa yake ana duara, atampokea. Paskazia alijua hakuna jamaa wa namna hiyo. Enock hakuwa mwongo, na ndiyo maana uongo wake ulionekana wazi. Paskazia alilia. Alimwambia mumewe kwamba akiondoka huyu mbwa, basi yeye hapa mjini hana wa kuongea naye kutwa nzima. Enock akasikitika kweli, lakini chumba kingine cha karibu na mashine hakikuwapo.

Sasa, mtu mwingine angeanza kuaga. Paskazia akajifuta machozi, na lile swali lililokuwa limembana tangu mchana likatoka: alikuwa anafanya nini yule mbwa? Maana kuiba hakuiba, na kuuma hakuuma. Alikuwa kazini. Kazi gani?

Kesho yake akaanza upelelezi. Akaweka ndoo ya maji barazani, akainyanyua, Msimamizi hakufungua hata jicho. Akaweka beseni, hakuna kitu. Akaweka kiroba kitupu, hakuna kitu. Akakijaza kiroba mchanga, akakitua. Msimamizi akanyanyuka, akaja, akalala kando. Paskazia alipokinyanyua, pindo la gauni likashikwa. Akakitua, gauni likaachiwa. Kumbe hata mwenye mbwa haruhusiwi. Akamngoja Enock arudi, akamwambia anyanyue yeye, na Enock akashikwa suruali, akasimama pale na kiroba kifuani.

"Muulize anataka nini," Enock akasema.

"Ndicho ninachofanya."

Alijaribu maneno yote ya wachimbaji aliyoyakumbuka. Alijaribu kupiga makofi, kupiga mluzi, kukisogeza kwa mguu. Wapangaji walimwona anabembelezana na kiroba cha mchanga wakaanza kunong'ona. Hata aibu hakuona, alikuwa amerudi kuwa yeye.

Jibu lililetwa na Bernadina, na mwenyewe hakujua kama kaleta. Jumamosi aliteremshiwa kiroba cha mkaa, Msimamizi akakilalia kando, na Bernadina akaogopa kukigusa. Akasimama mbali, akaita, "Dada wa mbwa, njoo basi unishikie upande huu, mwenzio naogopa." Paskazia akashika pembe za huku, Bernadina za kule, wakanyanyua. Msimamizi akasimama. Bernadina akafumba macho. Mbwa akajinyoosha, akapiga miayo, akatangulia mbele yao mpaka mlango wa Bernadina, mkia juu.

"Weka chini," Paskazia akasema.

"Kwa nini? Tumeshafika."

"Weka chini, dada, nakuomba."

Wakakitua. Paskazia akakinyanyua peke yake, gauni likashikwa. Wakakinyanyua wawili, gauni likaachiwa. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka Bernadina akasahau woga wake akaanza kucheka, safari hii bila kukohoa.

Hapo Paskazia akakaa kwenye mkaa wa watu na kukumbuka. Kila jioni kule Nyarugusu, wakati yeye anapakua wali, mawe yalikuwa yakigawanywa. Kiroba kilikuwa hakiondoki mdomoni mwa duara mpaka pande zote mbili ziwepo, mtu wa mwenye duara kashika pembe za huku na mtu wa wachimbaji kashika za kule, ndipo kinabebwa kwenda kwenye mgao. Anayenyanyua peke yake ni mwizi, hata kama jasho ni lake. Alikuwa ameliona jambo hilo siku zote kwa macho yake, yeye anayeuliza habari za kuku, na hakuwahi kuliuliza. Mbwa ndiye aliyelishika.

Akaenda mbio kwa Mama Ndaki. Akamwamkia, akaitikiwa, akaeleza yote kwa pumzi moja. Mama Ndaki alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Kwa hiyo nikitaka kubeba kitu changu, nitafute mtu kwanza, ndio mbwa wako anikubalie?"

"Siyo kwamba akukubalie, Mama. Ni kwamba..."

"Nimekuelewa. Jumapili ni kesho."

Jumapili ikafika. Enock alikuwa ameshatafuta kamba, na mwendesha pikipiki mmoja alikuwa amekubali kumpakia mbwa. Mama Ndaki akatoka kanisani, na mlangoni kwake akakuta guta la mizigo limesimama, mpunga wake wa msimu umefika kutoka shambani. Vijana wa guta wakashusha viroba barazani, vikajaa toka ukuta hadi ukuta, wakaondoka kuwahi mzigo mwingine. Na Msimamizi, ambaye alitakiwa awe ameshafungwa kamba, akaupita mkono wa Enock, akaenda kujilaza katikati ya viroba vile kama mtu aliyefika nyumbani.

Mama Ndaki akaliangalia wingu. Lilikuwa limetanda upande wa mashariki, la mvua isiyo na msimu, na mpunga ukinyeshewa barazani unaharibika. Hakumwita mtu. Akavua viatu vya kanisani, akashika kiroba cha kwanza, akakiburuta. Pindo la gauni lake la kanisani likashikwa.

Enock akaja na kamba. Paskazia akamzuia kwa mkono, akampita, akaenda kushika pembe za upande wa pili.

"Mama, nyanyua."

"Nani kakwambia nataka kushikiwa?"

"Hakuna aliyeniambia. Mvua inakuja. Nyanyua, Mama yangu."

Mama Ndaki alimtazama yule msichana, kisha akalitazama wingu. Akanyanyua. Gauni likaachiwa. Msimamizi akatangulia mpaka stoo, akasubiri mlangoni, akarudi nao kufuata kingine. Enock na Bernadina nao wakashika chao, ila hao wengine mbwa hakuwasindikiza. Alikuwa amewachagua hawa wawili. Walibeba, jasho likiwatoka, mpaka baraza ikabaki nyeupe na matone ya kwanza yakapiga bati.

Mama Ndaki akakaa juu ya mpunga stooni. Akaweka mikono mapajani.

"Baba Ndaki ndiye alikuwa anashika upande huo," akasema. "Alipokufa, watu walikuja, wakala, wakaondoka. Nikajiambia sitamwita mtu tena. Nimebeba peke yangu mpaka kiuno kimeisha, binti yangu, na huwa nalia nikishafunga mlango."

Paskazia alikuwa na maswali mengi kuhusu Baba Ndaki. Hakuuliza hata moja. Alimwambia tu pole, na alimaanisha.

"Wabeja," Mama Ndaki akasema, ndiyo asante ya Kisukuma, akainuka na kwenda kubadili gauni. Kuhusu mbwa hakusema neno. Yule wa pikipiki alipiga honi nje, akanyeshewa, akachoka, akaondoka zake. Enock akabaki na kamba mkononi, hajui aitie wapi.

Jumatatu Enock akaona bora aende na Msimamizi kazini, asije akamchokoza mwenye nyumba kabla neno lake halijajulikana. Paskazia akabaki na vitumbua vyake. Roho ilikuwa juujuu. Kila mlango wa Mama Ndaki ukilia, aliinua macho, akijua kwamba akitoka na ile sura ya siku ya michembe, basi mwezi hauishi wakiwa hapa.

Mlango ukafunguliwa. Mama Ndaki akatoka, akasimama barazani, akaita kwa sauti ya kufika hadi mtaa wa pili.

"Mama Msimamizi!"

Paskazia akageuka kutafuta anayeitwa. Hakukuwa na mwingine. Wapangaji wote walikuwa wanamtazama yeye, na Bernadina alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Njoo tushike hiki," Mama Ndaki akasema.

Kilikuwa kiroba cha pumba, chepesi, cha kubebwa kwa mkono mmoja na mtu aliyetoka kuugua. Na mbwa mwenyewe hakuwapo, kila mtu alijua yuko mashineni na Enock. Paskazia akaepua kikaango, akajifuta mikono, akaja barazani na kushika pembe za upande wa pili, na safari hii hakuuliza kitu.