Maji Yaliiba Nini?

Kila nikishuka Makadara kumwona mama, lazima kuna mtu atanisimamisha pale kona ya duka aniulize, "Sasa, bado mko kule?" Kule. Hawapaiti jina. Wananikagua mikono, wananikagua visigino, wanatafuta ufa wa kuthibitisha kwamba tunateseka. Nami nawajibu, "Tupo, na tumenenepa." Si kweli kwamba tumenenepa. Lakini tupo, na hilo nalisema kifua mbele, maana ilibaki kidogo sana tusiwepo.

Mimi nimezaliwa Makadara, Nairobi, na mume wangu kazaliwa mistari miwili ya nyumba kutoka kwetu. Nilikuwa nashona sare za shule na madera kwenye kibaraza cha mama. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule kwenye viwanda, ubavuni mwa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Siku moja akatumwa kaskazini kuchomelea mageti ya shule, mbele ya Marsabit, pale lami inapoisha, halafu mbele tena. Alikwenda kwa wiki tatu. Akarudi midomo imepasuka, macho yanang'aa utadhani ameonyeshwa mchumba.

"Bosi," akaniambia, na hivyo ndivyo anavyoniita akitaka jambo, "kule mtu anaamka asubuhi hasikii jirani akikohoa."

Nikamwambia aende akapimwe malaria.

Haikuwa malaria. Alirudi tena kule, na tena, na mara ya tatu nikamfuata nikaone hicho kinachomvuta. Nikaona. Sitajidai kueleza. Mtu aliyekulia penye ukuta mbele na ukuta nyuma, akionyeshwa mahali ambapo jicho linakwenda hadi lichoke lenyewe, ama atakimbia ama ataomba kiti akae. Mimi niliomba kiti.

Mtaa ulitucheka, si mchezo. Eti tutakula mawe. Eti fisi wamechoka kula mbuzi, sasa wanaletewa watu wa Nairobi na mizigo yao. Mama hakucheka. Alisema tu, "Chumba chenu cha nyuma simpi mtu. Kitanda nakiacha palepale." Maneno ya upole, lakini yaliniuma kuliko ya wacheshi wa mtaa, kwa sababu alikuwa ameshatuona tukirudi.

Mume wangu naye aliweka sharti lake. Mvua ya kule huja mara mbili kwa mwaka, ikikumbuka. Alisema ataunda tangi la chuma, tukinge maji ya paa, na tangi hilo ndilo litakalotuamulia. "Likikauka kabla ya mvua, hata kwa siku moja, tunarudi Makadara. Sikukuoa ili nikuue kwa kiu." Nikakubali. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na akishatoa neno hata umlilie halirudi.

Basi tukahama. Tangi alilichomelea mwenyewe, mshono kwa mshono, kimo chake watu wawili, likapanda lori na sisi pembeni yake. Mpaka leo halijavuja hata tone, na nikisikia fundi yeyote akijisifu mbele yangu huwa namwalika aje alitazame. Wazee wa pale walitupa mahali pa kujenga bila maneno mengi. Walitaka tukae, watuone. Wakiona hatufai kukaa nao, tutaondoka bila ugomvi.

Sasa, watu hudhani mtu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, hajui shida. Hajui shida nani? Mimi nimelelewa kwa maji ya Jumanne na Jumamosi! Maji ya kuoshea mchele yanaosha vyombo, ya vyombo yanapiga deki, ya deki yanamwagwa chooni, na ole wako mama akukute umeruka hatua. Kule kaskazini elimu hiyo ilikuwa digrii. Sukuma wiki niliipanda kwenye magunia yaliyotobolewa ubavuni, kama wapandavyo watu wa Mukuru mlangoni mwa vyumba vyao, na kikombe kimoja cha maji machafu kililisha gunia zima. Jirani zetu wafugaji walikuwa wanakuja kuyatazama yale magunia. Wanayazunguka, wanacheka, wanagusa majani. Niliona fahari jamani, kama nimezaa mapacha.

Jirani wa karibu zaidi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mrefu, mkali wa macho, mwenye punda wawili na Kiswahili cha kuokoteza. Boma lake lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Kila siku ya tatu asubuhi alituletea maziwa kwenye kibuyu, anakaa, anakunywa chai yangu, anasema ina majani mengi, anaondoka. Hakuwahi kuomba kitu.

Kosa letu tulilifanya bila kujua kwamba ni kosa. Mume wangu alipofunga mfereji wa tangi, lile bomba la kuchotea, aliuwekea kizimba cha chuma na kufuli. Hakufikiri, na mimi sikufikiri. Kwetu mfereji ni kitu chenye kufuli, kama mlango ulivyo na bawaba. Kila ploti ya vyumba vya kupanga niliyowahi kuiona Nairobi, mfereji uko ndani ya kizimba na ufunguo uko kwa msimamizi. Mfereji usio na kufuli kwetu ni mfereji uliokufa.

Kiangazi kikaanza. Siku moja tukaenda mjini kutafuta unga, tukakaa siku mbili. Tuliporudi hatukuona chochote kibaya. Ila siku ya maziwa ikafika, maziwa hayakuja. Ikafika nyingine, kimya. Wachungaji waliozoea kupita mbele yetu wakipunga fimbo wakaanza kuzungukia nyuma ya kilima. Nikamsalimia mmoja kwa mbali, akageuza uso. Wiki nzima hakuna mtu aliyekanyaga uwanja wetu. Kumbe ukimya ule mume wangu aliousifu unaweza kukukaba koo.

Nilivumilia hadi nikashindwa. Mimi mtu akininunia sikai naye mbali, namfuata aninunie usoni. Nikatia kibuyu chake kitupu kwenye kikapu, nikaenda hadi bomani kwake. Nilimkuta anafuma kamba. Hakuinuka.

"Mama, nimekukosea nini?"

Akaendelea kufuma. Baadaye akaniambia. Siku ile tulipokwenda mjini, mke wa mwanawe alikuwa amejifungua alfajiri, na nyumbani hapakuwa na maji, punda walikuwa bado njiani kutoka kisimani. Alikimbia kwetu na dumu. Akalikuta tangi limejaa, na mfereji umo ndani ya chuma. Akarudi na dumu lake tupu.

"Maji yenu nimekuta mmeyafunga," akasema. Kisha akaniangalia, na hakuwa ananitania. Alikuwa anataka jibu. "Yaliiba nini?"

 Nilifungua mdomo nimweleze habari za Nairobi, za ploti na msimamizi na ufunguo, nikajisikia mpumbavu kabla sijaanza. Nilimuuliza mtoto yuko vipi. Akasema mzima, mama yake pia mzima. Nikalia palepale, mimi ninayejulikana kwa ulimi, nikalia kama mtoto. Hakunibembeleza. Alinimiminia chai yenye majani machache.

Nyumbani tukagombana, ugomvi ambao hatujawahi kugombana tena. Mume wangu hakuwa mchoyo, nataka ieleweke. Alikuwa na kijiko anachogongea ubavu wa tangi ili asikie maji yanaishia wapi, na siku ile aligonga mbele yangu.

"Sikia. Tukifunga, maji haya yanatufikisha mvua. Tukifungua, hayafiki. Na yasipofika tunarudi. Hilo unalitaka?"

"Nataka kukaa."

"Basi kufuli libaki."

"Tukae na nani?" nikamfokea. "Na kufuli? Tutakuwa tunaamkiana sisi watatu, mimi na wewe na kufuli?"

Akatoka. Nikadhani amekwenda kupunga hewa. Baadaye nikasikia msumeno wa chuma. Hakufungua kufuli, maana kufuli likifunguliwa hufungwa tena. Alikuwa anakata kizimba chote, nondo baada ya nondo, kazi ngumu, kwa sababu alikiunda mwenyewe na yeye hajui kuunda kitu dhaifu. Ilimchukua mchana mzima. Alipomaliza akatupa vyuma nyuma ya nyumba, akanawa mikono kwa kikombe kimoja, akasema, "Haya, bosi. Twende hivyo."

Watu wakarudi. Hawakutuvamia, kama nilivyoogopa. Walikuja mmojammoja na vidumu vidogo, wanapiga hodi hata kama mfereji uko nje, wanachota kidogo, wanashukuru. Maziwa yakarudi. Yule mtoto akaletwa nimpakate, na nikamshonea kikoti kutokana na kipande cha sare ya shule. Zilikuwa siku nzuri kweli. Na kila jioni kijiko kilikuwa kinagonga chini zaidi.

Ndugu zangu, tangi lilikauka. Sitazunguka. Mbingu nyeupe, hakuna wingu, mvua bado iko mbali, na asubuhi moja mfereji ukatoa tope, ukakoroma, ukanyamaza. Mume wangu alikaa chini ya tangi lake muda mrefu. Alipoingia ndani alianza kukunja godoro. Sikumbishia. Neno ni neno, na nilikuwa nimelikubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Lori la kwenda Marsabit lingepita kesho yake.

Kilichonitafuna si kiu. Nilijiona nateremka pale kona ya duka na furushi la nguo kichwani, na wote wanajua. Nilikiona kile kitanda, mama amekitandika shuka safi. Asingesema hata neno. Nilitamani aseme, anitukane, kuliko kunitandikia.

Asubuhi tulifunga mizigo uwanjani. Magunia ya sukuma niliyaacha, nikayapa mgongo. Mara nikaona punda wawili wanateremka kilima, na yule mama nyuma yao, na madumu yaliyojaa yanadondosha maji mbavuni mwa punda. Akafika. Akaliangalia godoro limefungwa kamba. Akaniangalia.

"Mnahamia wapi?"

"Maji yameisha, mama."

"Ya tangi," akasema.

"Ndiyo, ya tangi."

"Ya kisima je?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kisima ni chao. Kila mtu alijua kisima kile, kirefu, kimechimbwa na babu zao kwa mikono, na kila boma lina zamu yake ya kunywesha. Sisi tulikuwa na tangi, hatukuwa na zamu. Na mimi, pamoja na shida zangu zote, sikuwa na uso wa kwenda kumwomba mtu maji niliyokwisha kumnyima.

Yule mama akacheka. Alicheka hadi akamshikilia punda asianguke. Halafu akasema, kwa kile Kiswahili chake, kwamba zamu yetu ipo. Ipo tangu siku wazee waliposikia chuma kinakatwa. Ni kila siku ya tatu, asubuhi, baada ya ng'ombe wa kaka yake. Zamu imepita mara nyingi bila sisi kutokea, na watu wamekuwa wakisema hawa ndugu wana kiburi, hawaji kisimani kwao.

Nikapandwa na hasira, wallahi, katikati ya furaha. "Sasa mbona hamkutuambia? Siku zote hizo tunakunywa chai pamoja! Mbona hukunialika?"

Akaacha kucheka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Mtu hualikwa kwao?"

Mume wangu alikuwa ameshika kamba ya godoro. Aliiachia, yeye ambaye neno lake halirudi. Lori lilipopiga honi kule barabarani hakuna aliyegeuza shingo.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya tatu, ya zamu yetu. Tukabeba madumu yetu yote, tukamfuata hadi kisimani. Wanaume walikuwa wamepangana kuanzia chini kwenye giza hadi juu kwenye jua, wanapasiana ndoo za ngozi, na ng'ombe wa kaka yake walikuwa wanamalizia. Mume wangu akavua shati, akateremka, akaonyeshwa pa kusimama. Mzee aliyekuwa anaita zamu akaangaza macho juu ya watu. Nilijua hajui majina yetu.

"Boma la tangi!" akaita.

Wanawake walionitangulia wakasogea kando kunipisha, na nikapita.